Hela ya Tangazo Imeisha na Mgeni Hajaja: Maswali Yenu Kuhusu Kulipia Kliki

Safari hii barua nyingi zimekuja na kilio kilekile, watu wameweka hela kwenye matangazo ya kulipia kila kliki na hawajaona kitu. Nimechagua tatu, na ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake ndani yake kuna majibu ya wengine wengi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Moshi, nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tuko watatu ofisini na leseni tunayo. Nikaona wenzangu wanatangaza Google nami nikaingia, nikaweka bajeti elfu 50 kwa siku. Siku ya kwanza wakakata elfu 92! Nikavumilia. Wiki moja laki tatu na nusu imeenda, kliki 410, na walioniandikia ni wawili tu, mmoja anaomba kazi ya upagazi na mwingine anauliza anafutaje historia kwenye simu yake. Huu si wizi? Nakutumia na picha ya skrini uone.

JIBU: Pole sana kaka, laki tatu na nusu kwa ofisi ya watu watatu si hela ya kuchezea. Ila wizi hapana. Na huyo aliyekuuliza habari za kufuta historia ya simu ndiye aliyenionyesha tatizo liko wapi, kwa sababu kwa mwenye iPhone, Safari ni programu ya kufungulia intaneti, ya Apple, inakuja ndani ya kila iPhone. Sasa kwenye picha uliyotuma neno la kwanza ulilonunua, yaani mtu akiliandika Google tangazo lako litokee, ni "safari" peke yake, la pili "Kilimanjaro" peke yake, yote mawili bila alama yoyote. Neno likiwekwa hivyo Google wanalichukua kwa upana kabisa, tangazo lako linaweza kutokea kwa mtu anayetafuta kofia ya safari, programu ya simu, mwanafunzi anayetaka urefu wa mlima aandike mita 5,895 kwenye daftari lake, mwenye kiu anayetafuta bia ya Kilimanjaro, na mpagazi anayetafuta kazi. Wote hao wakibonyeza unalipa wewe.

Kwa hiyo kabla hujaweka hata shilingi nyingine, ingia kwenye akaunti yako ufungue ripoti inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubonyeza. Si maneno uliyonunua, ni yale waliyoandika wao kwa vidole vyao. Wengi hawaijui hii ripoti kabisa na ndiyo kitu cha maana kuliko vyote humo ndani, kaa nayo na daftari, kila neno lisilohusu wageni wako liweke kwenye orodha ya maneno ya kukataa: iPhone, kofia, bia, kazi, urefu, picha za bure, na kwa vile wageni wako wanaandika Kiingereza basi orodha yenyewe iandike kwa Kiingereza. Ukishayakataa, mtu akiyaandika tangazo lako halitokei. Mi nilipoanza kazi hii niliunguza laki na themanini ya mteja wangu wa kwanza kwa sababu sikujua hii orodha ipo, na hadi leo linaniuma.

Halafu nunua maneno membamba. Mtu anayeandika njia ya Machame siku 7 bei gani, au Lemosho siku 8, au kupanda Rongai, au kufika kileleni usiku wa mwezi mpevu, huyo ameshaamua kuja, anatafuta wa kumpeleka. Ukizungushia maneno kwa alama za kunukuu unawaambia Google maana ya maneno haya ibaki palepale, ukitumia mabano ya mraba unabana zaidi. Watafutaji watakuwa wachache, ndiyo, lakini kampuni ndogo haihitaji watu elfu kumi, inahitaji watu sita wa mwezi wa saba. Kitu kingine, Wajerumani wanauandika mlima wetu Kilimandscharo, kwa hiyo kama una kijana anayejua Kijerumani hapo ofisini mfungulie kampeni yake na ukurasa wake wa Kijerumani, usimpeleke Mjerumani kwenye ukurasa wa Kiingereza.

Hiyo elfu 92 sasa. Bajeti ya siku kwa Google ni wastani, siku yenye watafutaji wengi wanaruhusiwa kutumia mpaka mara mbili yake, halafu siku nyingine wanapunguza, ila kwa mwezi mzima hawatakiwi kuzidi bajeti ya siku mara 30.4. Kwako elfu 50 maana yake jiandae kwa milioni moja na laki tano na elfu 20 kwa mwezi. Kama huna hiyo basi weka elfu 15, hakuna aibu yoyote.

Angalia na mipangilio miwili ambayo mara nyingi inakuja imeshachaguliwa bila wewe kujua. Wa kwanza unapeleka tangazo lako kwenye tovuti na programu nyingine nje ya ukurasa wa kutafuta, huko watu wanabonyeza kwa bahati mbaya wakicheza gemu, uondoe. Wa pili ni wa mahali, ukichagua Uingereza wanakuwekea watu walioko Uingereza pamoja na wale wanaoonyesha kupendezwa na Uingereza hata kama wamekaa kwingine, badilisha ubaki na walioko tu.

Na kuhusu bei ya kliki, hii kitu inaendeshwa kwa mnada, kila mtu akiandika neno mnada unapigwa palepale, ila tofauti na mnada wa samaki pale Feri mwenye dau kubwa hashindi kila mara. Wanapima pia tangazo lako linafaa kiasi gani na ukurasa unaompeleka mtu ukoje, kila neno ulilonunua linapewa alama kuanzia 1 hadi 10, mwenye alama nzuri anaweza kukaa juu kwa hela ndogo kuliko jirani yake. Kwako nimebonyeza tangazo la Machame likanipeleka ukurasa wa mbele wenye picha kubwa za tembo na simba, zinachukua muda kufunguka, na Machame yenyewe sikuiona mpaka nimetafuta kwenye menyu! Aliyebonyeza Machame afikie Machame, aone bei, aone siku ngapi, kilichomo na kisichomo, na namba ya WhatsApp. Hilo ni kazi ya siku mbili na litakusaidia kuliko kuongeza bajeti.

Mwisho piga hesabu yako mwenyewe. Chukulia kliki moja inakula 1,500, kati ya watu 100 wawili wanakuandikia, na kati ya watano wanaoandika mmoja analipa. Hapo mteja mmoja amekugharimu kliki 250, yaani 375,000. Kama faida yako kwa mgeni mmoja ni laki sita unaendelea, kama ni laki tatu unasimama leoleo urekebishe ukurasa kwanza. Namba zako weka wewe, ila usitangaze bila kuzijua.

SWALI: Assalaam aleikum. Nauza madera na leso hapa Mombasa, nina websaiti ndogo. Nimelipia tangazo Facebook na Instagram, wananiambia nimepata kliki 900 lakini websaiti yangu yahesabu wageni 210 pekee. Hao wengine wameenda wapi? Na kuna jamaa aniambia hizi kliki zote ni utapeli mpya wa mitandaoni.

JIBU: Waaleikum salaam dada. Tazama vizuri hiyo 900 ni kliki gani. Kuna hesabu ya kliki zote, humo ndani wameingiza aliyepiga laiki, aliyefungua maandishi yaendelee, aliyeingia kwenye profaili yako, aliyekuza picha ya dera. Kisha kuna hesabu ya kliki za linki peke yake, hiyo ndiyo inayomleta mtu kwako, na ipo nyingine ya waliosubiri ukurasa mpaka ukafunguka. Linganisha hiyo ya mwisho na 210 yako, nadhani zitakaribiana. Zikipishana sana basi ukurasa wako mzito, mtu amebonyeza, bando linasuasua, akarudi zake. Na ujue kitu kimoja, huko kwa kawaida unalipia kuonyeshwa, bei ya kliki wanayokuandikia ni hela uliyotumia wameigawanya kwa idadi ya kliki tu.

Kwa biashara yako lakini sikwambii uhame. Dera ni kitu cha kuonwa, watu wengi hawaketi wakaandika wanatafuta dera la maua ya zambarau, wakiliona ndipo wanalitaka. Ila fungua pia wasifu wa duka lako kwenye ramani za Google, ni bure, ili anayetafuta duka la leso karibu naye akuone.

Huyo jamaa mwambie biashara hii si ya jana. Kampuni ya GoTo.com ya kule California, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilianza kuuza nafasi za matokeo ya utafutaji kwa mnada wa kliki mwaka 1998. Google walianza matangazo yao Oktoba 2000 wakilipisha kwa kila watu elfu walioona, mwaka 2002 ndipo wakaingia kwenye mnada wa kliki. Matapeli wapo, mara nyingi ni wale wanaokuja inbox kukuuzia kliki elfu kumi kwa bei ya chai. Hao wakimbie.

SWALI: Mshindani wangu anabonyeza tangazo langu la Google kila siku animalizie bajeti, nina uhakika. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kliki za kurudiarudia Google wanazichuja wenyewe, na zile wanazogundua baadaye wanakurudishia kama salio kwenye akaunti. Ongeza safu ya kliki batili kwenye jedwali lako utaona ni ngapi wamezikata. Unaweza pia kuzuia anwani ya IP ya ofisi yake, yaani namba inayotambulisha intaneti yao, ukiijua, ila akitumia bando la simu haitasaidia kitu, anwani zile zinabadilika na watu wengi wanatumia moja. Na wewe mwenyewe acha kujitafuta Google kila asubuhi kuona kama tangazo lipo, ukilibonyeza unajilia bajeti, na usipolibonyeza unashusha kiwango cha wanaobonyeza. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya kulitazama tangazo bila kuhesabiwa, tumia hiyo.