Waache kwanza wasahau: kwa mwalimu mpya wa watoto wadogo

Mara ya kwanza nilipopewa kipindi cha kuwaeleza watoto wa miaka sita jinsi akili inavyofanya kazi, nilichora ubongo ukajaa ubao mzima. Niliupaka chaki za rangi nne. Nikawaambia humo ndani mna seli za neva zipatazo bilioni 86, nikawafundisha kutamka "hipokampasi", sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu, na neno likawanogea, wakaliimba mpaka mapumziko. Wiki iliyofuata nikawapa maneno sita wayashike. Wakayatazama mara moja, wakasema "tayari, mwalimu", wakageukia dirisha. Baada ya dakika chache aliyeongoza alikumbuka matatu. Kuijua hipokampasi hakukumsaidia chochote.

Nakuandikia wewe unayeanza ili usipoteze muhula kama nilivyoupoteza mimi. Mtoto mdogo hahitaji ramani ya ubongo. Anahitaji kuifuma akili yake ikiwa kazini, na pahali rahisi pa kuifumia ni pale inapomponyoka, yaani anaposahau.

Chukua trei, weka vitu kumi vya kawaida: ufunguo, kijiko, kifungo, kipande cha chaki, jani, na kadhalika. Funika kwa kitambaa. Kabla ya kufunua, muulize kila mmoja: utakumbuka vingapi? Andika jibu lake mbele yake. Hapo utasikia kumi, kumi, kumi, na pengine mia. Kisha funua, hesabu polepole mpaka ishirini, funika tena, na umsikilize kila mmoja peke yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flavell, na wenzake walichapisha jaribio linalofanana na hili mwaka 1970, wakitumia picha kumi. Watoto wengi wa chekechea walitabiri kwamba wangezikumbuka zote, lakini kwa wastani hawakufika hata nusu. Kwa hiyo darasa lako likifanya hivyo usidhani umepewa watoto wenye majivuno.

Usiwacheke, na usiwaambie "mmeona?" Mimi naona huko kujiamini kupita kiasi kuna faida yake, maana mtoto anayejua kwa hakika ugumu wa kila jambo asingethubutu mengi. Weka tu namba mbili kando kwa kando, aliyotabiri na aliyopata, nyamaza, mwache azitazame. Rudia baada ya siku tatu. Wengi watasema kumi tena! Hili lilinivunja moyo mwaka wangu wa kwanza, lakini sasa nalitarajia. Katika madarasa yangu mabadiliko huanza kuonekana karibu mara ya tano au ya sita, kwa mtoto mmoja mmoja.

Wakati wa zoezi, tazama midomo yao. Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko yote ninayokupa leo. Mwaka 1966 Flavell na wenzake waliwaonyesha watoto picha, kisha wakaangalia kama midomo yao inacheza katika muda wa kusubiri, yaani kama wanajirudia majina kimoyomoyo. Watoto wachache tu wa miaka mitano walifanya hivyo, ilhali wengi wa miaka kumi walifanya. Mtoto mdogo hajirudii kwa sababu halijamjia wazo kwamba kukumbuka ni kazi ya kufanywa. Kwake, kitu huja chenyewe au hakiji. Ukimuuliza "ulifanyaje ukakumbuka kijiko?" atakujibu "nilikumbuka tu", na hadanganyi.

Basi mfundishe kujirudia majina kwa kunong'ona. Atafanya, na atakumbuka zaidi siku hiyo hiyo. Utafurahi. Kesho yake, usipomkumbusha, ataacha kabisa. Nalo hili lilishaonekana katika utafiti wa 1967: watoto waliofundishwa mbinu hiyo waliweza kuitumia vizuri, lakini walipoachiwa wachague wenyewe wengi waliiacha. Walimu wapya wengi wanapofika hapa husema mbinu haifai, wakatafuta nyingine. Mbinu inafaa. Kilichokosekana ni mtoto kuona kwamba alama zilipanda *kwa sababu* alinong'ona; yeye anadhani ilikuwa bahati, au kwamba vitu vya jana vilikuwa rahisi. Fanya mizunguko miwili siku moja, mmoja bila kunong'ona na mmoja kwa kunong'ona, kisha umuulize namba zimetofautiana kwa nini. Akijibu "kwa sababu nimekua", vumilia, mpe siku nyingine.

Ukimpata mtoto aliyebuni njia yake mwenyewe, sema kijiko na kikombe aliviwaza pamoja kwa kuwa "vinakaa jikoni", simamisha kila kitu na umwombe awaeleze wenzake. Maelezo yake yatakuwa ya ovyo. Hata hivyo wenzake watamwelewa kuliko watakavyokuelewa wewe.

Kuhusu kufikiri, jitayarishe kushangaa. Watoto wa umri wa chekechea mara nyingi huamini kwamba mtu aliyekaa kimya tu, hafanyi lolote, hana kitu kinachopita kichwani. Nilikaa kitini nikitazama ukuta kwa dakika moja nikauliza, "Mwalimu alikuwa anafanya nini?" Wakajibu "hakuna". Kumbe nilikuwa nimepanga kipindi kizima cha mchana. Dawa yake ni kufikiri kwa sauti mbele yao, tena pamoja na makosa: "Nataka kugawa hizi penseli, nadhani nianze na meza hii... hapana, zitapungua kule, ngoja nihesabu kwanza." Usiigize kwa ufasaha. Fikira za kweli hukwama, na kukwama huko ndiko wanakohitaji kukusikia.

Jambo jingine: mfundishe mtoto neno jipya asubuhi, mchana muulize amelijua lini. Wa miaka minne anaweza kukuapia kwamba amelijua siku zote, "tangu nikiwa mtoto". Hajui kwamba amejifunza! Mimi huwaambia wachore wanavyodhani jambo lilivyo kabla ya somo, naiweka michoro kwenye bahasha, na baada ya somo tunaifungua. Wengine hukana kwamba mchoro ni wao.

Tahadhari mbili, fupi. Usiwaambie kichwa ni kabati. Niliwahi kusema hivyo, mtoto akagoma kujifunza hesabu akidai kabati limejaa. Na mnapokumbushana tukio la jana, usiulize "mpira ulikuwa mwekundu, sivyo?" Watoto wadogo huchukua rangi kutoka kwenye swali lako, na baadaye wanaiona kweli katika kumbukumbu zao. Uliza "niambie ilikuwaje", kisha ungoje. Wawili wakitofautiana, usiamue nani yuko sahihi. Waulize inawezekanaje wote walikuwapo na kila mmoja akakumbuka lake.

Mambo ya kurudia baada ya siku kadhaa, na ya kufunga kitabu ujaribu kusema ulichosoma badala ya kukisoma tena, utayakuta kwenye mafunzo yoyote ya ualimu na yana ushahidi mzuri, tangu Hermann Ebbinghaus alipojipima usahaulifu wake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Yatumie, lakini kwa wadogo yafanye mchezo wa dakika tano, basi.

Mwaka jana, karibu na kufunga muhula, nilitoa tena maneno sita kama yale ya siku ya kwanza. Msichana mmoja, ambaye miezi yote hiyo alikuwa wa kwanza kusema "tayari", aliyatazama, akafumba macho, midomo ikacheza. Nikamuuliza kama amemaliza. Akainua kiganja kunizuia, macho bado kayafumba: "Bado, mwalimu. La nne linatoroka."