Ukitaka kujenga kiwanda Usambara, uliza kwanza kuni na maji

Watu wanaotaka kuwekeza Lushoto, Bumbuli au Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, huniuliza mambo yaleyale: ardhi ipo, umeme unafika, barabara inapitika masika, kibarua analipwa kiasi gani kwa siku. Ni maswali mazuri na huwa nayajibu. Lakini baada ya miaka mingi ya kufanya kazi na vikundi vya kusindika matunda na viungo huku milimani, nina mawili ninayoyatanguliza mbele ya hayo yote, na asiyeweza kuyajibu namshauri asinunue hata bati moja. Utachoma nini? Na maji utakayoyatumia yalikuwa yanakwenda kwa nani?

Nianze na maji. Ukisimama Amani unaona kijito kila kona, na mgeni hudhani maji hayo hayana mwenyewe. Yana wenyewe wengi. Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Upande wa magharibi, vijito vya Lushoto na Bumbuli vinashuka Mkomazi na Luengera hadi Mto Pangani, ambao unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na ya New Pangani Falls, megawati 68. Kabla ya kufika huko vimeshapita kwenye mabustani ya mboga na kwenye majaruba ya mpunga ya Mombo. Kwa hiyo bomba utakaloliweka juu lina mtu chini yake, na huyo mtu ana mtu mwingine chini yake.

Siku hizi maji haya yana hata wenyewe walioko soko la hisa. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, yaani Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani (mkopo unaochukuliwa kwa umma kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji ya Tanga na miji ya jirani. Fikiri maana yake. Mtu aliyeko Dar es Salaam amekopesha fedha zake akitarajia riba, na riba hiyo inategemea Zigi uendelee kutiririka, na Zigi unategemea mkulima wa Amani asilime hadi ukingoni. Wakulima wa bonde hilo wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohifadhi kingo za mto na vijito vyake. Mimi naamini kabisa kwamba hapo ndipo ulipo uwekezaji wa kijani wa milima yetu: fedha ya mjini ipande hadi kwenye shamba la huyo mkulima, kwa njia ya miche, majani ya kuzuia udongo, mizinga ya nyuki na ng'ombe wa kufugwa bandani. Ikiishia kwenye mabomba na mita tu, chanzo kitaendelea kubebwa na mtu maskini asiyelipwa.

Kwa mwenye kiwanda kidogo, ushauri wangu ni huu. Pima kijito wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, kwa ndoo na saa, na umchukue mzee wa kitongoji akueleze mwaka mbaya kilishuka mpaka wapi. Ukikipima mwezi wa Mei kitakudanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo au ukingo wa maji, kwa hiyo kale kakiwanja kazuri kando ya maporomoko ulikopendezwa nako kaache. Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na ni vizuri ukakitafuta kabla ya kujenga kuliko baada ya jirani kukushtaki. Halafu fikiria maji yanayotoka kiwandani kama unavyofikiria yanayoingia. Maji ya kuoshea na kumenyea matunda yana sukari. Ukiyamwaga kijitoni yanachacha, hewa iliyomo ndani ya maji inaisha, wadudu na samaki wanakufa, na kijiji cha chini kinaanza kusikia harufu. Shimo la kokoto na mchanga, kisha migomba iliyopandwa chini yake, vinatosha kabisa kwa kazi ndogo.

Sasa kuni. Hapa niseme kwa kirefu, kwa kuwa nimeona miradi iliyoandikwa vizuri sana kwenye karatasi, yenye neno "kijani" kila ukurasa, ambayo jikoni kwake kuna rundo la magogo ambayo hakuna anayetaka kusema yametoka wapi. Karibu kila kiwanda cha mlimani kina moto. Chai ina moto: majani huchukua saa nyingi kunyaushwa kwa hewa ya vuguvugu, kisha yanakaushwa kwa hewa ya moto, na zaidi ya kilo 4 za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai. Maji yote hayo hufukuzwa kwa kuni. Jemu ina moto. Iliki ina moto, maana inavunwa wakati ambapo ukungu hauruhusu kuanika. Tofali la kuchoma, ambalo mwekezaji analitumia kujengea kiwanda chake cha "kulinda mazingira", lina moto kuliko vyote.

Sisemi kuni ni haramu. Kuni ni nishati inayoota tena, mradi umeipanda wewe. Mashamba ya chai ya Amani yana misitu yao ya mikaratusi kwa ajili hiyo, na huo ndio utaratibu ninaowahimiza hata watu wa jemu: panda shamba lako la kuni kabla ya kuagiza sufuria kubwa, na usilipande karibu na chemchemi kwa sababu mkaratusi unakunywa sana. Kuni zipasuliwe na zikae bandani miezi kadhaa. Kuni mbichi inakula sehemu ya moto wake kujikausha yenyewe, na katika vikundi nilivyofanya navyo kazi, kitu kilichopunguza gharama kuliko mashine yoyote ni banda la kuni lenye paa zuri na jiko lililofungwa vizuri. Huko Shume kwenye shamba la miti la serikali na mashine za mbao zinazolizunguka, vumbi la mbao na maranda huonekana yamerundikwa hadi yanaoza au yanachomwa bure. Kijana anayetafuta kiwanda cha mtaji mdogo aangalie pale. Mkaa mbadala wa vumbi la mbao una wateja kwenye shule, hoteli na magenge ya mama ntilie.

Na jua tunalo. Plamu zetu huiva kuelekea mwisho wa mwaka, mapeasi yakifuata, na huo ndio wakati wa jua la kutosha hata Lushoto. Kikaushio cha jua chenye nailoni, trei za wavu na tundu la kutolea hewa ya unyevu kinajengwa na fundi wa kawaida. Kilo 10 za mapeasi, ukishayamenya, kuyakata na kuyakausha, zinabaki kama kilo moja na nusu. Miezi ya Juni hadi Agosti, ukungu unapolala siku nzima, usijidanganye: trei zitaota kuvu. Miezi hiyo fanya kazi nyingine, funga vifungashio, rekebisha vikaushio, tafuta masoko.

Uzito huo unaopungua ndio ninaotaka uukazie macho. Kutoka Lushoto kushuka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, na mvua kubwa ikinyesha mlima unaweza kuteremkia barabarani. Tunashusha kabichi, karoti, viazi na matenga ya nyanya kwa malori kwenda Kariakoo, bidhaa ambayo sehemu kubwa yake ni maji, kwa bei ya dalali na kwa kipimo cha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Mkulima anauza maji ya mlima pamoja na udongo wa mlima kwa bei ya hasara, halafu mwaka unaofuata analima juu zaidi, msituni, ili apate kilekile. Kiwanda kinachoulinda mlima ni kile kinachomwezesha mtu kuishi kwa shamba dogo zaidi: kinachukua kilicho kizito na kinachooza upesi, kinakitoa kikiwa chepesi, cha thamani, kinachokaa. Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, wamekuwa wakitengeneza jibini, jemu na mikate kwa miaka mingi. Watawa Wabenedikto wa Sakharani, karibu na Soni, wana makadamia na divai. Amani kuna mdalasini, karafuu na pilipili manga inayopanda juu ya miti bila kuikata. Kwa mantiki hiyohiyo sishabikii kabisa viwanda vya kuchupisha maji. Unachukua kitu kizito kuliko vyote, unakitia kwenye plastiki, unakishusha kwa lori, na kilichobaki kijijini ni vibarua wachache na chemchemi iliyozungushiwa uzio.

Kuhusu iliki nitoe tahadhari. Inapenda kivuli, na mtu akisema "inalimwa ndani ya msitu" inasikika kama uhifadhi. Inayofyekwa ni miti michanga, ile ambayo ingekuja kuwa msitu. Baada ya miaka kadhaa udongo unachoka, mkulima anasogea mbele, na nyuma yake miti mikubwa inazeeka bila watoto. Iliki ilimwe shambani, chini ya miti aliyoipanda mtu mwenyewe.

Usambara tumeshaonja viwanda vya aina ile nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 magogo ya misitu ya Usambara Mashariki yalishushwa kwa mashine kulisha kiwanda cha mbao, kwa msaada wa Finland. Wanasayansi walipiga kelele, ukataji ukasitishwa, na Finland ileile ikageuka kufadhili ulinzi wa misitu ya lindimaji, ile inayotunza vyanzo vya maji. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Najibu hivyo kila ninapoambiwa kwamba mwekezaji akishakuja habadiliki. Anabadilika akiulizwa mapema na kwa sauti.

Tumeonja pia miradi mizuri iliyoegemea mlango mmoja. Wanavijiji wa Amani walifuga vipepeo, wakapanda miti ya kulishia viwavi, wakasafirisha mabuu (pupa) kwenye bustani za maonyesho za Ulaya na Marekani. Bidhaa hiyo karibu haina uzito, haichomi kuni, na inamfanya mtu apende msitu. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo vikaingia humo. Hakuna aliyekuwa ameharibu msitu, lakini soko lilifungwa ghafla. Tangu hapo, kikundi kinachonijia na mnunuzi mmoja wa nje namuuliza mwenyekiti: akinyamaza huyu, Muheza na Tanga watanunua nini kwenu? Na msambu, mti wetu wenye mbegu za mafuta yanayoganda yenyewe, yaliyoruhusiwa kwenye vyakula vya Ulaya mwaka 2008, unafundisha lingine. Ukiupanda kwa mbegu unaweza kungoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kuokota tunda. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kuubeba. Mwenye mtaji wa haraka asiuguse, na mwenye subira aanze na miche iliyounganishwa.

Ardhi yenyewe nyingi ni ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli. Usimalizane na mwenyekiti na mtendaji ofisini. Nenda mkutanoni, ukae hadi mwisho, na uwasikilize akina mama walioko nyuma, kwa sababu wao ndio wanaochota maji na kuokota kuni; ukiwagusa hivyo viwili umeigusa siku yao nzima. Watu wa Mlalo, huko Lushoto, hawajasahau. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianza mpango wa kuwalazimisha watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo, na udongo kweli ulikuwa unakwenda, lakini kazi ilikuwa ya amri na ya faini, mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake, na watu waliupinga hadi ukafa. Miaka mingi baadaye mikanda ya majani ya guatemala ilikubalika kwenye miteremko hiyohiyo, kwa kuwa inazuia udongo na ng'ombe anayala.

Mkiandikiana mkataba na wakulima, wekeni wazi nani mwenye hisa, bei inapangwaje na malipo yanatoka siku gani. Majani ya chai hayangoji. Yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilipofungwa mwaka 2013 katikati ya mgogoro wa umiliki, mashamba yaligeuka vichaka na watu wakaanza kung'oa chai kupanda mazao ya muda mfupi kwenye mteremko mkali. Udongo ulioshikwa na chai kwa miongo ukaanza kushuka. Mgogoro wa karatasi huishia mtoni.

Mwenye mtaji mkubwa zaidi aangalie umeme wa maporomoko madogo. Mufindi, mradi wa Mwenga wa megawati 4 unahudumia mashamba ya chai, vijiji vinavyoyazunguka na gridi ya taifa tangu 2012. Huku kwetu pia mteremko tunao. Lakini mtambo wa namna hiyo unataka msitu uliosimama juu yake, kwa hiyo gharama ya kuwalipa walinzi wa chanzo na wakulima wa kingoni iandikwe kwenye bajeti mwaka wa kwanza, safu moja na turubaini na nguzo, ilipwe kila robo mwaka, na risiti zake zisomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.