Mtoto ale kwenye sufuria ya familia: namna ya kumwanzishia chakula bila kupika mara mbili

Mtoto akifikisha miezi 6, nyumba nyingi hufungua jiko la pili. Kuna sufuria ya familia, kuna kisufuria cha mtoto, kuna blenda yake na vikopo vyake, na mtoto analishwa peke yake saa nzima kabla ya wengine hawajakaa. Baada ya wiki kadhaa mpishi yuko hoi, na mtoto anajua ladha moja tu: karoti iliyosagwa. Ushauri wetu ni kwamba, isipokuwa kwa vyakula vichache ambavyo tutavitaja, mtoto ale kinachopikwa nyumbani na akile wakati wenzake wanakula. Vinavyotofautiana ni chumvi na ulaini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6 kamili, kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Pamoja na umri, tazama mwili. Shingo iwe imekaza na aweze kuketi kwa msaada kidogo bila kuangukia upande. Aweze kukitazama kitu, kukishika na kukifikisha mdomoni mwenyewe. Ukimpa chakula, akimeze badala ya kukisukuma nje kwa ulimi. Kutafuna ngumi, kuamka usiku na kutaka kunyonya zaidi havihesabiki, kwani watoto hufanya hayo hata wakiwa na miezi 3. Kwa aliyezaliwa njiti, hesabu ya umri ifanyeni pamoja na kliniki yake.

Chota kabla ya chumvi

Tuchukue mchuzi wa kuku wenye viazi na karoti. Kaanga kitunguu kwa mafuta, tia nyanya, kuku, maji, kisha viazi na karoti. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari na majani ya kukolezea viingie tu. Mtoto hana ugomvi na viungo vyenye harufu, na nyingi ya ladha hizo ameshazionja kwa mbali kupitia maziwa ya mama. Vinavyosubiri ni chumvi, pilipili kali na vidonge vya kukoleza mchuzi, kwa sababu sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi. Chakula kikiiva, chota cha mtoto kwenye bakuli, ndipo utie chumvi sufuriani, uache dakika tano motoni, upakue. Kabla ya mwaka mmoja mtoto asizidishe gramu 1 ya chumvi kwa siku, na kiasi hicho hukipata bila wewe kumwongezea: kwenye maziwa, mkate na vyakula vyenyewe.

Sufuria hiyohiyo hulisha umri wote. Wa miezi 6 pondea kiazi na karoti kwa uma, kuku mkatekate kwa kukata nyuzi zake, umchanganye humo na mchuzi kidogo. Kwa wa miezi 8 ponda kidogo tu, mabonge madogo laini yabaki, na umwekee kipande cha karoti cha kushika. Wa miezi 10 anakula vipande vya ukubwa wa njegere. Wa mwaka mmoja anakula mnachokula, kimekatwakatwa.

Uzito wa chakula pimia kwenye kijiko. Kiinamishe: chakula kikibaki kijikoni au kikidondoka polepole kwa pamoja, kiko sawa, kikimiminika, ni chepesi mno. Hapa ndipo watoto wengi wanapopungua uzito huku mzazi akiapa kwamba wanakula sana. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 ana nafasi ya gramu 240 hivi. Ukiijaza kwa uji mwepesi au supu ya juujuu, umeijaza maji. Uji ukiwa mzito mno kumezeka, ulainishe kwa maziwa badala ya maji, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta au siagi ya karanga huongeza nguvu bila kuongeza ujazo.

Kiasi: anza na vijiko 2 hadi 3 vya mezani kwa mlo, mara mbili kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 mara 2 au 3 anapokaribia miezi 8. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, mara 3 au 4, na asusa moja au mbili kati yake. Baada ya mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima. Hizo ni namba za kukuongoza wewe unayepika. Mtoto hajui kikombe kina mililita ngapi. Kuna siku atakula vijiko viwili akatosheka, kesho yake akamaliza bakuli na kulidai la mwenzake.

Chuma kwanza, matunda baadaye

Mazoea ya kuanza na wiki kadhaa za matunda na mboga zilizosagwa hatuyapendi. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo hupungua karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, wakati mwanamume mzima anahitaji 8. Tumbo dogo, hitaji kubwa: ndiyo maana nyama, kuku, samaki na mayai viingie wiki ya kwanza, na maharage, dengu na choroko visikosekane, hasa kwa nyumba zisizokula nyama.

Nyama humshinda mtoto kwa sababu ya nyuzi na ukavu. Ipike hadi iachane yenyewe, ikate kinyume na nyuzi, kisha ipondwe na mchuzi au kiazi. Nyama ya kusaga ni rahisi zaidi. Maharage yapikwe hadi yapondeke kwa kidole, na kama ganda ni gumu, lipitishe kwenye chujio. Chuma cha mimea hufyonzwa vizuri kikiliwa na kitu chenye vitamini C, kwa hiyo tia nyanya au pilipili hoho kwenye maharage, au mpe kipande cha chungwa baada ya mlo. Chai huzuia chuma kisifyonzwe. Mtoto asipewe hata ile ya maziwa. Maini yana chuma kingi, lakini vitamini A yake ni nyingi pia. Mara moja kwa wiki inatosha.

Yai na karanga vilikuwa vikicheleweshwa zamani kwa kuogopa mzio. Utafiti wa Uingereza uitwao LEAP, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kinyume: watoto walio katika hatari kubwa ya mzio waliokula karanga mapema na kwa ukawaida walipata mzio wa karanga mara chache zaidi kuliko walioziepuka. Mpe kimoja kwa siku yake, asubuhi au mchana, akiwa mzima. Yai liive kabisa. Siagi ya karanga isiyo na sukari, vijiko 2 vya chai, ichanganywe na vijiko 2 au 3 vya maji ya moto hadi iwe kama uji, ipoe, na uanze na ncha ya kijiko. Subiri dakika 10, kisha endelea. Mtazame kwa saa mbili zinazofuata. Vipele vya kuwasha au kutapika tena na tena ni sababu ya kuacha na kumwona daktari. Kuvimba ulimi, kupumua kwa shida au kulegea ni dharura ya hospitali papo hapo. Mtoto mwenye ukurutu mkali au ambaye tayari ana mzio wa yai apitie kwa daktari kabla ya karanga. Kikimkubali, kiendelee kuonekana kwenye sahani mara kadhaa kwa wiki.

Mabonge yasisubiri meno

Blenda ina kazi wiki mbili za mwanzo, pengine tatu. Baada ya hapo inamcheleweshea mtoto somo. Kutafuna ni kujua kusogeza chakula kwa ulimi hadi pembeni na kukiponda kwa ufizi, na ufizi wa miezi 7 una nguvu kuliko unavyodhani (anayenyonyesha hana haja ya kuambiwa). Watoto wanaokaa na chakula cha kusagwa tu hadi kupita miezi 9 au 10 huwa wagumu zaidi kukubali vyakula vya namna nyingine baadaye.

Kipande cha kushika kiwe na urefu na unene wa kidole chako, kwa sababu mtoto wa miezi 6 au 7 hushika kwa kiganja kizima na anachokula ni ile ncha inayochomoza. Kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada: kikipondeka, mpe. Karoti mbichi na tufaha bichi havipondeki, havimfai. Vidole viwili vikishaanza kuokota makombo sakafuni, mara nyingi kwenye miezi 9, punguza vipande viwe vidogo.

Sasa lile linalowatisha wote mezani. Kupaliwa kwa kawaida kuna kelele: mtoto anakohoa, macho yanalengalenga, uso unaiva, ulimi unatoka mbele, kipande kinarudi mdomoni, naye anakitafuna tena kama hakuna lililotokea. Hali hii ni ya kinga, na kwa watoto wadogo huchochewa mapema, chakula kikiwa bado mbele kwenye ulimi. Tulia, muache amalize. Kidole chako mdomoni mwake kinaweza kukisukuma kipande ndani. Kukabwa ni kimya. Hakuna kikohozi chenye nguvu, hakuna kilio, midomo inageuka rangi. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali umsukume mara 5 katikati ya kifua, na urudie huku mwingine akiita msaada. Anayemlisha ajifunze hili kwa mikono, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, kabla ya mlo wa kwanza.

Kuna vitu havipewi kama vilivyo: zabibu na nyanya ndogo za duara zikatwe nne kwa urefu, soseji isikatwe miduara, bisi na peremende ngumu hapana, karanga na njugu nzima hapana hadi miaka 5. Siagi ya karanga iliyochotwa kijiko kizima hunata kooni. Samaki achambuliwe kwa vidole, maana macho hukosa mwiba. Na asali, hata ncha ya kijiko, isubiri mwaka mmoja. Huweza kubeba vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli) ambavyo utumbo mchanga hauwezi kuvidhibiti, na kupikwa kwa kawaida hakuviui.

Pale mezani

Kiti kimshike nyonga na mgongo vikiwa wima, na miguu ikanyage kitu. Miguu ikining'inia, mtoto huchoka kujizuia na mlo huisha mapema. Boksi au taulo lililokunjwa chini ya nyayo linatosha. Mapajani mwa mtu mzima pia ni sawa. Kabla ya mwaka, maziwa bado ndiyo tegemeo, kwa hiyo mnyonyeshe kama saa moja kabla ya mlo wa familia. Mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko, na aliyetoka kushiba maziwa hana sababu.

Mkiketi, kula naye. Mtoto humtazama mtu mdomoni kabla ya kukubali kitu kipya, na huenda akahitaji kukiona na kukionja mara 8 hadi 15 kabla hajakipenda. Kila mara weka kidogo tu, kando ya kitu anachokijua, na usiseme neno kuhusu kile alichoacha. Kijiko kisubiri mdomo ufunguke. Akigeuza kichwa, akifumba mdomo au akisukuma mkono wako, ameshiba au amechoka. Kumbana taya au kumwimbia hadi afungue mdomo humfundisha kupuuza shibe yake, na simu mbele ya uso hufanya hivyohivyo kwa upole zaidi. Dakika 20 hadi 30 zikiisha, mlo umeisha. Funda za maji atumie kikombe cha wazi. Sharubati, hata ya nyumbani, haihitajiki kabla ya mwaka.

Kilichoguswa na kijiko cha mtoto kitupwe, mate yameshaingia. Ndiyo sababu ya kupakua kidogo na kuongeza. Kilichobaki sufuriani kisizidi saa mbili nje ya friji, na wali uwahi zaidi. Akiba ya mtoto huganda vizuri kwenye trei ya barafu. Ukiitoa, ipashe hadi itoe mvuke, koroga, na uonje joto mwenyewe.

Choo kitabadilika rangi na harufu, na vipande vya karoti vitatoka kama vilivyoingia. Kikiwa kigumu kama vijiwe, ongeza maji, maharage na tunda kama peasi, na upunguze ndizi kwa siku chache. Mpeleke kliniki akikohoa karibu kila mlo, akikataa kila chenye bonge hata baada ya miezi 10, choo kikiwa na damu, au mstari wa uzito kwenye kadi yake ukilala.