Kabla ya kugusa mipangilio ya diski kwenye seva ya Linux

Wewe unayeanza kusimamia seva, fahamu kwanza kwamba diski ya kuzunguka ina mipaka isiyovukwa na mpangilio wowote. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3, na kichwa cha kusomea hungoja kwa wastani nusu ya muda huo mpaka data inayotakiwa ipite chini yake, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Ndiyo maana maombi yaliyotawanyika huishia mia moja hivi kwa sekunde. Basi pima kwanza: endesha `iostat -x 1` wakati seva ina kazi nyingi, utazame r_await na w_await, yaani milisekunde ambazo ombi huchukua hadi kukamilika.

Niliwahi kupandisha vm.dirty_ratio, yaani asilimia ya RAM inayoruhusiwa kushika data ambayo bado haijaandikwa diskini, nikiamini naongeza kasi. Faili zilinakiliwa upesi ajabu, kumbe data ilikuwa inarundikana kwenye RAM; hifadhidata ilipotaka maandishi yake yafike diskini papo hapo, huduma nzima iliganda. Hesabu yake ni nyepesi: kwa RAM ya GB 64, hata asilimia 20 ya kawaida hukaribia GB 13, na diski inayoandika MB 150 kwa sekunde itahitaji zaidi ya sekunde 80 kuimaliza. Siku hizi huweka vm.dirty_background_bytes ya megabaiti mia chache, ili kerneli, yaani kiini cha Linux, ianze kuandika mapema, kidogo kidogo.

Kipanga foleni cha maombi, yaani kinachoamua ombi lipi litangulie kwenda diskini, utakiona kwa `cat /sys/block/sda/queue/scheduler`. Kilicho ndani ya mabano ndicho kinachotumika, na kwa diski za kuzunguka mimi huchagua mq-deadline, ambacho hulipa kila ombi muda wa mwisho wa kuhudumiwa. Thamani ya read_ahead_kb, yaani kilobaiti zinazosomwa mapema kabla hazijaombwa, ambayo kwa kawaida ni 128, ipandishe pale tu seva inaposoma faili kubwa mfululizo. Kuhusu noatime, chaguo linalozuia kuandika muda faili iliposomwa mara ya mwisho, usitarajie makubwa, kwa kuwa relatime, inayouandika mara chache tu, imekuwa chaguo la kawaida tangu 2009.

Kache ya kuandikia inayowashwa kwa `hdparm -W1` huleta kasi ya kweli, lakini umeme ukikatika, data iliyokuwa bado humo hupotea. Nakuomba sana usiiwashe kabla ya kuhakikisha mfumo wa faili haujazimiwa ulinzi wa barrier, unaohakikisha data muhimu inafika diskini kwa mpangilio sahihi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiandika thamani ya zamani. Mabadiliko ya /sys hufutika seva ikiwashwa upya, hivyo yaliyothibitika yaandikie kanuni ya udev, mfumo unaosimamia vifaa vya seva, na yale ya vm yaweke kwenye /etc/sysctl.d, folda ya mipangilio inayosomwa seva inapowaka.