TV ya kichogo: muulize fundi kabla ya muuzaji

Dada, umeuliza uamini maoni ya nani ukinunua TV ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, hapa Nairobi. Nyota tano za mtandaoni zisikuhadae: wengi walisifu TV ikiwa mpya, na utakayouziwa imeshatumika miaka. Mimi humwamini anayetaja kasoro. Muulize fundi asiyeuza, barabara ya Luthuli wapo, ni aina gani humrudia mara kwa mara na kama spea zinapatikana. Kisha ijaribu mwenyewe. Iwashe dakika 20, si mbili. Ikishapata moto ndipo picha husinyaa pembeni au rangi huchafuka kwenye kona. Kagua matundu ya AV pia, yale ya kuchomeka waya za picha na sauti kutoka kwa king'amuzi, maana tangu 2015 bila king'amuzi TV hii haishiki stesheni. Muuzaji akikataa kuiacha iwake, achana naye.