Usiingize Nyota Kundini kwa Sura: Pima Kasi Yake

Juzi nimetetea mradi wangu wa mwisho wa fizikia, wa kutambua nyota zilizozaliwa pamoja kama kundi moja, na nimepita. Msomaji mmoja wa Kakamega akaniuliza: bila darubini, ulijuaje nyota ipi ni ya kundi na ipi ni mpita njia?

Tuanze na Aldebaran. Simama ufuoni Dunga jioni ya Januari, utaiona ikiwaka rangi ya chungwa katikati ya fungunyota la Hyades, utaapa ni ya humo. Siyo. Hyades liko umbali wa miaka ya nuru 150 hivi; Aldebaran, 65 tu. Spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, pia inaitoa nje. Nyota zilizozaliwa na wingu moja la gesi husafiri pamoja, na za Hyades zinatukimbia kwa takriban kilomita 39 kwa sekunde. Aldebaran inakwenda 54.

Kasi hiyo unaisoma kwenye mistari myeusi ya spektra, ambayo kila elementi huiacha kwenye urefu wake wa wimbi. Ule wa haidrojeni ulio nanomita 656.28 maabarani, kwa nyota za Hyades, kwa kuwa zinatukimbia, husogea upande wa nyekundu kwa nanomita 0.085 tu. Ni kidogo mno, basi usitegemee mstari mmoja. Linganisha na mistari mingi ya chuma. Na uondoe kwanza mwendo wa Dunia, maana nayo hulizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde.

Mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi hii ni ya wenye darubini kubwa, nitafute mada ya size yangu. Mpaka leo inaniuma. Spektra za maelfu ya nyota ziko mtandaoni bure, na vipimo vya mahali na mwendo wa nyota vya setilaiti ya Gaia, iliyorushwa 2013, vilevile. Nilizipakua usiku, kompyuta ya kuazima, huku nyumba nzima imelala. Ndugu zangu wa Kisumu, Nakuru, Bungoma, msingoje mtu awape ruhusa ya kusoma anga! Pakueni, pimeni.

Kasi ikilingana, bado usikubali haraka, kwani mpita njia anaweza kulingana kwa bahati. Kwa kundi changa kama Kilimia, tazama mstari wa elementi ya lithiamu kwenye nanomita 670.8: nyota baridi kidogo kuliko Jua huiteketeza kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo nyota zee ya aina hiyo iliyojipenyeza haitakuwa nayo.

Kasi isipolingana, usiifute nyota hiyo papo hapo. Huenda ni pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana, na mwenzake anaivuta huku na huku. Tafuta spektra zake za tarehe nyingine, uchukue kasi ya wastani ya mfumo wao, ndipo uamue.