Nimekariri uthibitisho wote, mbona nakwama?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya hisabati, Dodoma. Kidato cha sita nilikokotoa kalkulasi bila shida, lakini sasa katika uchambuzi wa hisabati, somo linalothibitisha misingi ya kalkulasi, kila swali huanza na neno "thibitisha". Nimekariri uthibitisho wote wa darasani, ila swali likigeuzwa kidogo tu nakwama. Je, nihamie takwimu?

JIBU: Marahaba. Kukwama huko si dalili kwamba huna kipaji. Sekondari ulifundishwa kutafuta jibu. Sasa unatakiwa kuonyesha kwa nini jibu haliwezi kuwa jingine, na kazi hiyo hutegemea mno maneno mawili, "kwa kila" na "kuna", hasa lipi limetangulia lipi. Anayekariri bila kulitazama jambo hilo hubaki na herufi tu.

Chukua fankisheni xⁿ, x ikiwa kati ya 0 na 1. Ukiishika x moja peke yake, thamani hukaribia sifuri kadiri n inavyokua. Sasa tafuta n ya kwanza inayoishusha thamani hiyo chini ya 0.01. Kwa x ya 0.9 ni 44, kwa 0.99 ni 459, kwa 0.999 ni 4,603. Kila unapoisogelea 1, n inayohitajika hupanda bila ukomo, wala hakuna n moja itakayozitosheleza x zote. Kwa hiyo "kwa kila x kuna n" ni kweli, na "kuna n inayofaa kwa kila x" si kweli. Ukiiingiza 1 yenyewe, kikomo, yaani thamani inayokaribiwa n ikikua, huwa sifuri kila mahali isipokuwa kwenye 1, ambako ni 1: fankisheni zote hazikatiki (grafu zake hazina mruko), lakini kikomo chake kimekatika. Tafadhali zikokotoe namba hizo kwa mkono wako.

Tofauti hiyo iliwasumbua hata magwiji. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa alichapisha kauli kwamba mfululizo wa fankisheni zisizokatika, ukiwa na jumla, jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel wa Norwei akaonyesha mfululizo wa sini unaoikanusha kauli hiyo. Karl Weierstrass, aliyefundisha Berlin, ndiye aliyelifanya sharti la n moja kwa x zote kuwa nguzo ya somo hili.

Kwa hiyo, badala ya kukariri, kila unapopewa kanuni ondoa sharti moja na utafute mfano utakaoivunja. Ukiupata, utajua sharti lile lilikuwa likifanya kazi gani na linatumika katika mstari upi wa uthibitisho. Andika pia kinyume cha kila fasili kwa Kiswahili kamili, kwani "kwa kila epsiloni kuna delta" (herufi za Kigiriki zinazosimamia namba chanya) ikikanushwa huwa "kuna epsiloni ambayo hakuna delta inayoitosha", na wengi hukosea hapo hapo. Kisha funga daftari, umweleze mwenzako ubaoni.

Kuhusu takwimu, nenda ikiwa unaipenda. Ukienda kwa kuukimbia uchambuzi utaukuta huko huko, kwa sababu kanuni ya namba kubwa, isemayo kwamba wastani wa sampuli hukaribia wastani halisi kadiri sampuli inavyokua, ina sura mbili, dhaifu na imara, na kinachozitofautisha ni namna ambavyo wastani hukikaribia kikomo chake.